Dakika Sifuri Kati ya Kingsbury na Harrow

Jumatatu ya pili ya Machi, saa mbili kamili asubuhi, Agathe alimfuta Mzee Mansour makombo ya mkate kidevuni, akaandika daftarini kwamba mzee amekula yai moja na kulalamikia la pili, kisha akaigongesha simu yake kwenye kibandiko cha miraba myeusi kilichokuwa ndani ya mlango wa kabati la vikombe. Simu ikalia. Skrini ikaandika: UMEONDOKA 8:00. Chini yake ikaandika anakotakiwa kuwa: kwa Bi Sushila, Harrow, 8:00.

"Jana hakikuwepo hicho," alisema Mzee Mansour, anatazama dirishani.

"Kilikuwako, Mzee. Kilikuwa kifupi tu."

Nje, upande wa Kenton Road, palikuwa na mlima.

Ulikuwa umeanza Januari. Mwanzoni ulikuwa tuta, na watu wa Kingsbury wakadhani ni la kupunguza mwendo wa magari, wakalilaani kama wanavyolaani mengine. Wiki ya pili lilifika magotini. Kufikia Februari lilikuwa na nyasi na kondoo wawili ambao hakuna aliyejitokeza kusema ni wake. Sasa lilikuwa na misonobari, mabega matatu ya mawe, na theluji juu. Harrow ina kilima chake cha tangu zamani, chenye kanisa kichwani, na siku hizo kilisimama pembeni kama mwalimu mkuu aliyepitwa kimo na darasa la saba. Manispaa ilisimika kibao cha kukataza mbwa wasiofungwa kamba. Baada ya hapo jambo likahesabiwa limeshughulikiwa.

Mlima ulionekana na kila mtu lakini haukumzuia kila mtu. Ulimzuia asiye na dakika. Basi la 183 lilipenya humohumo ndani ya jiwe bila kupunguza mwendo, na abiria waliokaa dirishani waliona mizizi, kisha giza kidogo, kisha duka la sari. Jumamosi Agathe alipopanda na binti yake Shekinah kwenda kununua viatu vya shule, walifika Harrow hata kabla mtoto hajamaliza paketi ya vibanzi.

"So just get the bus to work, Mum," alisema Shekinah, ambaye husikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

Agathe alikuwa amejaribu kwenda kazini kwa basi. Akiwa na sare ya zambarau alilipa nauli, akapata kiti, akakiegemea. Basi lilipofika kwenye jiwe lilipita. Yeye alibaki nje, amekaa kwenye nyasi, mkoba mapajani, nauli imeshakatwa. Kondoo mmoja alimtazama, akaendelea na kazi yake. Kondoo ana kazi yenye mapumziko.

Sababu ilijulikana na wote. Mwaka mpya ulipoingia, kampuni iliyowaajiri akina Agathe kutunza wazee majumbani ilifuta muda wa safari kwenye rota, yaani ratiba ya zamu. Zamani kati ya nyumba na nyumba paliandikwa dakika ishirini na tano. Kisha kumi na tano. Kisha tano. Kisha, asubuhi moja, kila mlezi aliamka akakuta sifuri. Muuguzi mkuu wa kampuni alituma salamu za heri na ushauri wa kuvaa viatu vyenye kushika ardhi.

Ile Jumatatu Agathe aliuvuka mlima kwa miguu, na viatu vya mpira vya kazini, akafika kwa Bi Sushila saa tatu na dakika kumi.

Bi Sushila alizaliwa Kisumu, akaja London akiwa mwanamwali, na sasa alikuwa na miaka themanini na minne na nyonga mbili za chuma. Hakuweza kuinuka kitandani bila mtu. Kwa hiyo alipochelewewa alilala palepale, anamwaga matusi.

"Saa tatu!" alisema. "Saa tatu na kumi! Mimi nimelala hapa kama gunia la mahindi la serikali. Kwetu Kisumu msichana kama wewe tungemfukuza kabla ya chai."

"Basi nifukuze, Mama, halafu ujiamshe."

"Mdomo huo."

"Leta mkono. Huu. Si ule."

Walipendana kwa kiasi hicho.

* * *

Ofisi ya kampuni ilikuwa juu ya duka la mazulia. Mpanga rota aliitwa Victor, Mkenya, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa mlezi kabla hajapewa kiti chenye magurudumu. Dirisha lake liliutazama mlima. Alikuwa ameliziba kwa kalenda.

"Keti, Agathe. Hii ni alama ya kwanza ya kuchelewa." Wiki tatu baadaye akasema, "Keti, Agathe. Hii ni ya pili. Ya tatu unajua."

Alijua. Karatasi iliyomruhusu kukaa Uingereza ilikuwa na jina la kampuni juu yake. Kampuni ikimwacha, karatasi nayo inamwacha, na baada ya hapo zinabaki siku sitini za kutafuta kampuni nyingine au ndege. Shekinah alikuwa ameshachaguliwa kucheza mti katika igizo la shule, na alikuwa na mistari miwili.

"Mlima njo unanichelewesha," alisema Agathe kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Weka hata dakika kumi na tano kwa rota, utaona vile utashuka."

"Mimi siongei. Sistimu ndiyo inaongea." Victor akageuza skrini. "Ona Njeri, mwenzako. Saa mbili kamili. Jana, saa mbili kamili. Juzi, saa mbili kamili. Njeri hana mlima?"

"Njeri ni Mkenya," alisema Agathe kwa chuki ya kawaida. "Nyinyi munakimbia."

Kwa kweli Njeri alitoka Ruiru, na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa siku mbwa wa jirani alipokata mnyororo. Lakini Victor, aliyelijua hilo vizuri, alitikisa kichwa kwa fahari ya taifa.

"Kuchelewa kunasamehewa hadi robo saa," alisema. "Ndani ya robo saa, mimi nikituma ripoti juu, ni sifuri. Ya tatu nitaizuia hadi Oktoba; kufikia hapo uwe ndani ya robo saa."

* * *

Kwa hiyo Agathe akaanza kukimbia. Alikuwa mtu wa Butembo, mji wa baridi wa Kongo uliokaa mgongoni mwa milima, na aliwahi kukimbia milimani kwa sababu nyingine ambazo hazikumhusu Victor. Miguu ilikuwa inakumbuka. Alijifunza kupanda kwa hatua fupi, mikono magotini kwenye miinuko mikali, na kushuka bila kufunga breki, macho yakitangulia mbele hatua tatu. Aprili alivuka kwa dakika hamsini. Mei thelathini na moja. Juni ishirini na mbili, sare imemganda mgongoni kama stempu. Na kila wiki mlima ulikuwa mrefu kuliko wiki iliyopita, kwa hiyo alikuwa anashindana na mtu anayekua.

Asubuhi moja ambayo Mzee Mansour hakuwapo kwenye rota yake, kwenye bega la pili ndipo alipomkuta Njeri. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, chapati mkono mmoja, simu mbili mkono wa pili. Simu moja ilikuwa na picha ya kibandiko cha mteja wake wa Harrow. Ya pili aliielekeza kwenye ile picha. Ikalia. UMEFIKA 8:00.

Ardhi ikanyanyuka shubiri moja. Chapati ikaruka, Njeri akaidaka bila kuangalia.

"Njo wewe," alisema Agathe, anahema. "Wewe njo uko naotesha hii kitu."

"Mimi na wengine kumi na wawili. Kwani ulidhani ni mbolea?"

"Mzee wako iko kwa kitanda, anangoja."

"Nitamfikia saa tatu. Mguu wangu mbaya, mama, mimi si swara. Afadhali mimi nadanganya sistimu. Wewe unafika kweli! Ukifika kweli kwa dakika ishirini, unawaambia nini hao watu? Unawaambia inawezekana. Ni wewe unatumaliza."

"Aka! Mimi niko nakimbia kwa sababu wewe uko nasema uongo."

"Na mimi nasema uongo juu wewe unakimbia."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hakuna kinachowachukiza watu kama hicho. Njeri alimnyooshea simu. Ndani mlikuwa na picha za vibandiko vyote vya Harrow, pamoja na cha Bi Sushila, kimepigwa vizuri, hata sahani ya maua iliyo kando yake kabatini imeonekana.

"Piga picha ukae nayo. Si ugonge tu kama wenzako, kwani wewe ni malaika?"

"Simpi Victor sifuri yake," alisema Agathe. Alisema hivyo kwa ubishi, wala si kwa uadilifu. Akatema mate pembeni, akaendelea kupanda.

Julai theluji ilishuka hadi bega la pili na kukataa kurudi. Bi Sushila, ambaye sasa alikuwa anaamshwa saa mbili na dakika ishirini na moja na kuliona hilo kama tusi, alimwagiza Agathe afungue gereji.

"Nyuma ya friji mbovu. Za mwanangu Hemal. Alikwenda Ufaransa mara moja, akavunja kidole, akarudi anaongea puani."

Zilikuwa skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea thelujini, na viatu vyake, na fimbo mbili za kujisukumia, na ngozi mbili za kubandika chini ili mtu apande bila kurudi nyuma. Viatu vilimzidi Agathe namba mbili. Alijaza soksi.

"Ukivunja, nunua," alisema Bi Sushila. "Na usiniletee maji kwenye zulia."

Tangu hapo alikimbia sehemu ya chini, akavaa skii penye theluji, akapanda na ngozi hadi kileleni, akazing'oa, akazitia kifuani zisigande, akashuka upande wa Harrow akichora mistari kama mtu anayekosoa daftari. Agosti alitumia dakika kumi na nane. Oktoba kumi na nne. Novemba kumi na moja, na mlima ulikuwa mara mbili ya ule wa Machi.

Kulikuwa na wengine huko juu. Klabu ya wakimbiaji wa milimani ilikuja kila siku, majira yote ya mwaka, wakiwa na vizibao vya rangi ya limau na maji yanayonyonywa kwa mrija. Wao waliupata mlima kwa kujaza fomu kwamba hawana haraka ya kufika popote. Mwenyekiti wao, Tom, alimpima Agathe kwa saa yake mara tatu, kimyakimya, kisha akamsimamisha.

Alimweleza kwamba rekodi ya klabu ilikuwa dakika arobaini na sita. Akamuuliza ni nani anayemfadhili.

Agathe alimwonyesha jina la kampuni lililoandikwa mgongoni mwa sare.

Tom aliyasoma, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba asipite tena kwenye njia iliyoshindiliwa, kwa kuwa klabu ilikuwa imeikodi hadi Pasaka, na wanachama walikuwa wamelalamika kuhusu harufu ya dawa ya kusafishia.

Agathe akawa anapita pembeni, kwenye theluji laini. Alipoteza sekunde arobaini, akazirudisha kwenye mteremko wa mwisho, akipita mbele ya pua ya Tom na kumrushia theluji ya kutosha mtungi mmoja.

* * *

Jumanne moja ya Desemba, Agathe aliondoka kwa Mzee Mansour saa mbili kamili. Saa mbili na dakika nane alikuwa chini kidogo ya kilele, na hapo akamkuta Njeri amelala ubavu kwenye theluji. Mguu wake mbaya ulikuwa umeelekea mahali ambapo miguu haielekei. Simu yake ilikuwa kifuani, imewaka: UMEFIKA 8:00.

"Ilinyanyuka," alisema Njeri. "Nilipogonga. Ikanirusha."

"Njo mbolea yako."

"Niokoe kwanza, unitukane baadaye."

Juu huko mtandao ulishika vitu viwili tu, programu ya kampuni na namba ya ofisi. Agathe akapiga ofisi.

"Njeri amevunjika mguu," alimwambia Victor. "Iko hapa juu, karibu na kilele. Ita watu."

Vidole vya Victor vilisikika kwenye kibodi.

"Njeri yuko Harrow," alisema. "Amegonga saa mbili kamili. Saa hii anamlisha mteja uji."

"Victor. Niko namuona. Niko namushika."

"Agathe, nikimtumia mtu usaidizi mlimani, naandika nini? Nilimtoa wapi? Mlima wenyewe hauko kwenye rota." Sauti yake ikashuka. "Nilikuwa napita hapo mimi, kabla ya kuwa mlima. Nilikuwa napewa dakika ishirini na tano. Nilikuwa nanunua kahawa." Kisha ikapanda tena. "Wewe mwenyewe uko dakika ya kumi. Una alama mbili. Nenda kazini."

Akakata.

Kutoka pale hadi mlango wa Bi Sushila zilikuwa dakika tatu za kuteleza peke yake. Ukiwa na mtu mzima mwenye mguu uliovunjika, ilikuwa karibu saa nzima. Njeri, ambaye hesabu ya namna hiyo aliifanya kila siku, aliifanya kabla ya Agathe. Akafungua picha ya kibandiko cha Bi Sushila, akaisimamisha simu juu ya kifua chake.

"Gonga."

"Sitaki."

"Gonga, wewe mjinga! Hunipendi, mimi sikupendi, nani amekuuliza? Ukiniacha nitakufa, na nikifa nitakuja kwako kila jioni nikule chakula. Ukinibeba bila kugonga, uko kwa ndege na mtoto. Gonga ndio unibebe."

Agathe alivua glovu. Aliielekeza simu yake kwenye ile picha. Ikalia, kwa furaha ileile ya siku zote. UMEFIKA 8:11.

Mlima ukanyanyuka shubiri moja chini yao. Njeri akapiga yowe, kisha akaomba radhi kwa yowe.

Mkobani Agathe alikuwa na shuka la kumsogezea mgonjwa kitandani, lile la nailoni linaloteleza kuliko ahadi. Alimviringishia Njeri, akamfunga mguu kwa fimbo moja na aproni tatu za plastiki, akamvuta. Huku nyuma Njeri alitoa maelekezo yote, na karibu yote yalikuwa mabaya. Wanachama wa klabu waliwapisha, na mmoja akasema shuka linaharibu njia.

Walifika saa tatu na dakika nne. Bi Sushila alikuwa amelala kama alivyoachwa jana, macho kwenye dari.

"Sasa mnakuja wawili," alisema. "Kuchelewa tu kunahitaji wasaidizi."

Simu ya mezani ikalia. Agathe akampelekea sikioni. Ilikuwa ofisi, ukaguzi wa kawaida wa kila mwezi wa kuthibitisha huduma, na Victor aliuliza kwa sauti ya kusoma kama mlezi alifika kwa wakati.

Bi Sushila alimtazama Agathe, maji yanamchuruzika hadi kwenye zulia. Akamtazama Njeri ndani ya shuka lake la nailoni, midomo imekuwa kijivu.

"Saa mbili kamili," alisema. "Na chai nimeshakunywa."

Alipokata simu, vikombe vikacheza kabatini. Mlima ulikuwa umenyanyuka tena, shubiri mbili safari hii, kwa kuwa neno la mteja lina uzito zaidi.

"Sasa toeni huyo kwenye zulia," alisema. "Hapana, si nje, wapumbavu nyinyi. Kwenye kochi. Halafu mpige simu ya gari la wagonjwa, halafu mniinue. Nimekaukiwa hapa."

* * *

Kwa kuwa kumbukumbu zilionyesha Njeri alikuwa nyumbani kwa mteja saa mbili kamili, mguu wake ulivunjikia hapo, jikoni, kwenye sakafu yenye maji. Kampuni ilimtumia video ya dakika tisa kuhusu sakafu zenye maji na kumtaka ajibu maswali mwishoni. Mteja wake alikaa kitandani hadi saa saba mchana. Kwenye skrini alikuwa amekula uji wote.

Agathe hakupata alama ya tatu. Shekinah alicheza mti, akasema mistari yake miwili, na akaongeza wa tatu wa kwake mwenyewe.

Januari barua ilikuja kwa walezi wote. Kampuni ilijivunia kutangaza kwamba miezi mitatu ya mwisho ya mwaka, mvua na jua, hakuna aliyechelewa kati ya Kingsbury na Harrow. Sifuri ilikuwa imethibitika. Kwa hiyo, kuanzia Jumatatu, ili kuwahudumia watu wengi zaidi, kati ya nyumba na nyumba zingepunguzwa dakika tano.

Jumatatu Agathe alimpa Mzee Mansour yai lake. Rota ilisema aondoke kwake saa mbili kamili na awe amefika kwa Bi Sushila saa mbili kasoro dakika tano.

"Leo kimeinama," alisema Mzee Mansour.

Ni kweli. Mlima ulikuwa umekuja juu ya nyumba kama mtu anayesoma gazeti begani mwa mwenzake, na kivuli chake kilifika hadi kwenye kijiko. Vipande vidogo vya theluji vilidondoka kwenye kamba ya nguo.

"Niko naona, Mzee. Maliza yai."

Saa ya ukutani ikafika saa mbili kasoro tano. Agathe akafungua simu ya zamani aliyopewa na Njeri, yenye picha zote, akaisimamisha kwenye chupa ya asali. Akaelekeza yake. UMEFIKA 7:55. Kitu kikasogea chini ya friji, na sahani ya yai ikatelezea upande wa mzee, ambaye aliipokea.

Akamfuta kidevu. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaanza kufunga skii miguuni.